Kano ambayo haikuwepo mezani

Mwaka 2008, wiki ya tatu ya masomo ya udaktari, tulikuwa wanafunzi wanane tumeizunguka meza namba nne ya maabara ya anatomia, na wengine saba walikuwa wananitazama mimi. Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Tulikuwa tumechuna ngozi ya kigasha cha kushoto, kuanzia kwenye kunjo la kiwiko mpaka kwenye kifundo cha mkono, na kitabu kilikuwa wazi pembeni, kurasa zake zimelegea kwa mafuta na formalini. Kitabuni, tabaka la juu la misuli ya mbele ya kigasha lina misuli minne, yote imeanzia kwenye nundu ya ndani ya kiwiko, kisha kila mmoja unakwenda njia yake. Tulihesabu mitatu. Tukahesabu tena kuanzia upande wa kidole kidogo. Mitatu.

Uliokosekana ni palmarisi longasi. Huo ni msuli mdogo wenye tumbo fupi la nyama karibu na kiwiko, halafu kano ndefu nyembamba, nyeupe kama utepe, inayoshuka katikati ya kigasha na kuishia kwenye utando mgumu wa kiganja. Kitabuni ulikuwa umechorwa katikati kabisa, huwezi kuukosa. Wenzangu walikubaliana kwamba nimeuondoa pamoja na ngozi. Mmoja alikwenda kupekua kwenye ndoo ya mabaki. Mimi nilisimama pale koo limenikauka, nikifikiria mtu yule aliyelala mbele yetu, ambaye mwili wake tulipewa mara moja tu, na mimi nimeshaharibu.

Mhudumu wa maabara alikuwa mzee mmoja mwembamba, mtu wa Muheza, aliyekuwa ameitayarisha miili ya mafunzo kwa miaka mingi kuliko umri wetu. Alikuja taratibu, akainama, akapitisha kidole chake chenye glavu katikati ya kigasha.

"Mwanangu, hujakata kitu," aliniambia. "Huyu hakuwa nayo. Fungueni mkono wa kulia."

Tulifungua. Upande wa kulia kano ilikuwepo, nyembamba, inang'aa, mahali palepale kitabu kilipoichora. Mzee akachukua daftari kubwa la jalada gumu kutoka dirishani, akaandika mstari mmoja, akarudi kwenye kazi zake. Mimi nilikaa siku nyingi nikiwaza jambo lile. Nilikuwa nimekuja chuoni nikiamini kwamba mwili wa binadamu ni mmoja, na daktari ni mtu aliyeukariri.

Wewe unayesoma unaweza kujikagua sasa hivi. Weka mkono mezani, kiganja kikitazama juu. Kutanisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole kidogo, kisha kunja kifundo kidogo kuelekea kwako. Ukiona kamba imejitokeza katikati ya kifundo, chini ya ngozi, hiyo ndiyo kano ya palmarisi. Usipoiona, bonyeza kwa kidole cha mkono mwingine, maana kwa wenye mafuta hujificha. Kisha fanya upande wa pili. Usiishie upande mmoja, kwa sababu wengi wa wasio nayo wanaikosa mkono mmoja tu.

Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani Tanga, na siku ya Idi niliwakagua watu wa ukoo mzima ukumbini. Watoto walifanya foleni. Wajomba walikunja mikono ya kanzu. Bibi alikuwa jikoni akikamua tui, na nilipomfuata hakufurahi kukatishwa kazi.

"Shikamoo bibi, nipe mkono kidogo."

"Marahaba. Mkono una nini? Mimi sijasema naumwa."

Alinipa, umelowa tui hadi kwenye kifundo. Kulia kano ilisimama kama kamba ya kuanikia nguo. Kushoto hakukuwa na kitu, pamelala tambarare. Nilibonyeza, nikamwomba arudie, nikabonyeza tena. Bibi yangu, ambaye kwa miaka zaidi ya hamsini alikuwa akiminya machicha ya nazi kwa mikono ile miwili mpaka yatoke makavu, hakuwa na msuli huo mkono wa kushoto, na hakuna siku aliyoukosa. Nilipomweleza alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyemsomesha mjukuu akarudi na habari ndogo. Akaniambia nimshikie sufuria.

Ndivyo ulivyo msuli huu. Kazi yake ya kusaidia kukunja kifundo inafanywa vizuri na majirani zake, na waliopima nguvu za kushika kwa wenye nao na wasio nao hawakuona tofauti ya maana. Vitabu vya Ulaya na Marekani hupenda kutaja asilimia kama 15 ya watu kuwa hawana. Mwaka 1944 Reimann na wenzake walichapisha uchunguzi wa mikono 1,600 wakapata takriban asilimia 13. Lakini huku kwetu sivyo. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2011, uliokagua watu 800, uliwakuta asilimia 4.4 tu wakiwa hawana, walio wengi kati yao wakikosa mkono mmoja. Hii si takwimu ya kujivunia wala kusikitikia. Ila inatufunza tusikariri namba za watu wengine na kuzipeleka wodini Afrika Mashariki kana kwamba zilitoka huku.

Sasa, kama msuli hauna kazi kubwa, kwa nini niuandikie ukurasa mzima? Kwa sababu madaktari wa upasuaji wanauhitaji kuliko mwenyewe anavyouhitaji. Kano yake ni ndefu, iko karibu na ngozi, na ukiichukua mtu hapungukiwi kitu. Kwa hiyo ni akiba. Mtu akikatika kano ya kidole na ikawa imechelewa kuungwa, ncha zimesinyaa na kurudi nyuma, tunachukua kano ya palmarisi kuziba pengo. Mwaka 1974, Los Angeles, Daktari Frank Jobe aliichukua kutoka kigasha cha kulia cha mchezaji wa besiboli Tommy John, akamjengea upya ligamenti (utepe unaounganisha mifupa) ya kiwiko cha kushoto, mkono wake wa kurushia mpira. Tommy John aliendelea kucheza mpaka 1989. Upasuaji huo mpaka leo unaitwa kwa jina la mgonjwa.

Nilishuhudia upande wa pili wa habari hii nikiwa daktari kijana katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mgonjwa alikuwa fundi vioo, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyekatwa na kioo miezi kadhaa nyuma na kidole chake cha pete hakikunjiki tena. Mpango ulikuwa kuchukua palmarisi ya mkono uleule. Ameshalazwa usingizi, mkono umepakwa dawa, mpira wa kuzuia damu umefungwa juu. Daktari wa upasuaji alipasua mstari mfupi kwenye kifundo, akapenyeza kulabu, akanyanyua kamba nyeupe iliyokuwa katikati kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika kivutio, kifaa cha kupanulia jeraha. Mkasi ulikuwa umeshawekwa mkononi mwake.

Hakukata. Aliivuta kamba ile taratibu, akitazama kiganja. Kiganja kilitulia. Kano ya palmarisi ukiivuta, ngozi ya kiganja hufuata kwa sababu imeshikamana nayo. Akainama zaidi. Juu ya mgongo wa ile kamba kulikuwa na mshipa mdogo wa damu, mwembamba kama uzi wa kushonea, unapita kwa urefu wake. Rangi yake haikuwa nyeupe ya kung'aa, ilikuwa na umanjano kidogo, na ilipobanwa ililegea kama tambi iliyoiva. Ndani yake mtu angeweza kuona nyuzi nyuzi zilizofungwa pamoja.

"Hii ni neva," alisema. Akairudisha mahali pake kwa utaratibu ambao sijauona tena.

Ilikuwa neva ya kati, mshipa wa fahamu unaoshuka katikati ya kigasha mpaka kiganjani. Palmarisi ikikosekana, neva hiyo ndiyo kitu cha juu kabisa katikati ya kifundo, inakaa palepale ambapo kano ingekaa, na kwa mtu mwenye haraka zinafanana. Angeikata, kijana yule angeamka na kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete vikiwa vimekufa ganzi. Asingeweza kulipeleka gumba mbele ya vidole vingine. Fundi vioo asiyehisi ukali wa kioo kwenye ncha za vidole. Hilo limewahi kutokea kwingine: mwaka 2017 madaktari wa Marekani walichapisha mkusanyo wa wagonjwa waliochukuliwa neva ya kati badala ya kano, na wengine haikugundulika siku ileile.

Kosa letu lilitokea kabla ya kisu. Hakuna aliyemwambia kijana akutanishe gumba na kidole kidogo wakati yuko macho. Akishalala usingizi huwezi tena, kwa sababu kipimo kinahitaji mtu mwenyewe akaze msuli wake. Ni kipimo cha sekunde tano, hakina gharama, hakihitaji mashine, na hatukukifanya. Siku ile tulichukua kano nyembamba ya mguuni, ya msuli uitwao plantarisi, ambayo nayo kuna watu wanaozaliwa bila kuwa nayo. Bahati yake alikuwa nayo. Tangu hapo sijampeleka mgonjwa wa mkono chumba cha upasuaji bila kuandika kwa mkono wangu kwenye faili: palmarisi kulia, ipo au haipo, kushoto, ipo au haipo. Wauguzi wananijua kwa hilo.

Kukosekana si sura pekee ya msuli huu. Kuna wakati unageuka juu chini: kano iko karibu na kiwiko na nyama iko chini karibu na kifundo. Nyama hiyo ikivimba kwa kazi inabana neva ya kati, mtu anapata ganzi na maumivu yanayofanana kabisa na yale ya neva kubanwa kwenye njia yake nyembamba ya kifundoni. Nilimwona mpika chapati mmoja, kijana wa kusukuma unga tangu alfajiri, uvimbe wake ulitokea saa nne asubuhi na kupungua akipumzika. Uvimbe unaotokea na kupotea kwa ratiba ya kazi, ukikaza unapokaza mkono, mara nyingi si uvimbe wa hatari. Ultrasaundi ilionyesha nyama ya kawaida, iliyokaa mahali pasipo pake.

Lakini wanaonijia kwa wingi kliniki ni akina mama wenye watoto wachanga. Wanashika kifundo upande wa gumba, wanasema wakimnyanyua mtoto kwapani wanahisi kama moto. Majirani wameshawaambia ni baridi imeingia kwenye mifupa, kwa sababu hawakukandwa vizuri baada ya kujifungua. Siwakatizi. Nawaambia wafumbate gumba ndani ya ngumi, kisha wainamishe ngumi upande wa kidole kidogo, pole pole. Wengi huruka kabla sijamaliza sentensi. Ugonjwa huo Fritz de Quervain, daktari Mswisi, aliuandika mwaka 1895: kano mbili zinazolipeleka gumba nje na kulinyoosha zinapita kwenye mfereji mmoja juu ya mfupa wa kifundo, na mfereji ukikaza kano zinasuguana.

Kano mbili, mfereji mmoja. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema, na hapo ndipo wagonjwa wanapoumia. Kwa watu wengi sana ile kano ya kwanza si moja, ni mbili, tatu, hata zaidi, zimelala sambamba. Na si wachache ambao ndani ya mfereji wana ukuta, hivyo ile kano ya pili, nyembamba, inapita kwenye kijifereji chake peke yake. Sindano ya dawa ikiingia upande mmoja wa ukuta, upande wa pili haupati kitu. Mama anarudi baada ya wiki tatu, maumivu yako vilevile, na anaanza kudhaniwa msumbufu. Nilimpokea mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwenye kituo kimoja alichomwa sindano mara mbili kisha akaambiwa shida yake ni ya mawazo. Alikuwa anamnyonyesha mwanawe amemlaza kwenye mto kwa sababu hawezi kumshika. Tulipitisha ultrasaundi, ukuta ukaonekana, mstari mweusi mwembamba kati ya kano. Sindano ya tatu niliichoma nikitazama kioo, ncha imeingia kwenye kijifereji kile kidogo. Baada ya wiki mbili alikuja amembeba mtoto mkono uleule.

Daktari wa upasuaji naye anaweza kudanganyika hapo. Anafungua mfereji, anaona kano tatu, anaridhika kwamba ameona zote na zaidi. Zote tatu zinaweza kuwa za msuli mmoja, na ile ya kunyoosha gumba bado imefungiwa kwenye chumba chake. Dawa yake ni kuvuta kila kano na kutazama gumba linafanya nini. Mpaka uione ile inayonyoosha kiungo cha kati cha gumba, hujamaliza.

Kwenye kitengo cha dharura mambo huwa ya haraka zaidi. Mtu ameletwa usiku, jeraha la panga kwenye kigasha, damu imeshazuiwa. Tunakagua kano moja moja. Kwa zile zinazokunja kiungo cha kati cha kidole, unashikilia vidole vingine vyote vimenyooka, unamwambia akunje kidole kimoja ulichokiacha. Cha shahada, sawa. Cha kati, sawa. Cha pete, sawa. Kidole kidogo hakiendi. Daktari tarajali anaandika: kano imekatika. Pengine kweli. Lakini kwa watu wengi kano hiyo ya kidole kidogo ni dhaifu, au imeungana na ya kidole cha pete, au haipo. Achia kidole cha pete uone kama viwili hivi vinakunjika pamoja. Kisha shika mkono mzima, usio na jeraha, ufanye kipimo kilekile. Kama nako kidole kidogo hakiendi, umejifunza jambo kuhusu mtu huyu, si kuhusu panga. Hata hivyo usifunge jeraha kwa kujiridhisha na hilo peke yake. Litazame ndani, kwa mwanga wa kutosha.

Nina rafiki anayepiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi. Alilalamika miaka kwamba mkono wa kulia, gumba likishuka kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada nacho kinajikunja bila kuitwa. Walimu wake walimwambia hafanyi mazoezi. Nilimwambia akunje ncha ya gumba mpaka mwisho huku vidole vimenyooka. Ncha ya kidole cha shahada ikafuata, na nilipoizuia akasikia maumivu juu ya kifundo. Ni utepe unaounganisha kano ya gumba na kano ya kidole hicho ndani ya kigasha. Linburg na Comstock waliuandika mwaka 1979, na kwa hesabu yao takriban asilimia 31 ya watu waliowakagua walikuwa nao angalau mkono mmoja. Wengi hawajui, kwa sababu hakuna kazi yao ya kila siku inayowadai vidole hivyo vitengane. Mpiga gitaa anadaiwa. Rafiki yangu hakutaka upasuaji, ila alitaka sana kusikia kwamba hakuwa mvivu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimwandikie jina la kitu kile kwenye karatasi.

Kuna pia msuli wa Gantzer, kichwa cha ziada cha ule unaokunja gumba. Karibu nusu ya watu wanao, uko ndani kabisa, hauguswi kwa vidole. Mara chache hubana tawi la neva ya kati linalopita karibu yake, na dalili yake huwa ya ajabu: mgonjwa haoni ganzi yoyote, ila hawezi kukunja ncha za gumba na kidole cha shahada. Mwambie atengeneze duara kwa vidole hivyo viwili, atakuletea umbo lililobanwa, ncha za vidole zimenyooka. Na mgongoni mwa mkono kuna watu wachache wenye kimsuli kifupi kinachofanana na uvimbe wa maji. Akinyoosha vidole dhidi ya kizuizi, uvimbe wa maji hubaki vilevile, kimsuli hukaza chini ya kidole chako. Nimeshamrudisha mtu nyumbani kutoka kwenye foleni ya upasuaji kwa kipimo hicho.

Mzee wa maabara alistaafu. Kabla hajarudi Muheza alinitumia ujumbe nipite kwake, akanipa lile daftari la jalada gumu, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani kila mwaka una kurasa zake: namba ya meza, kulia, kushoto, na alama. Palmarisi, vichwa vya ziada, kano zilizogawanyika, hata mishipa ya damu iliyopita njia isiyotarajiwa. Mwandiko wake ni wa mtu aliyesomea shule ya kati, herufi zimelala upande mmoja. Hakuna jina la mtu hata moja.

Nilifungua mwaka 2008, meza namba nne. Kulia, ipo. Kushoto, haipo. Mbele yake, kwa kalamu ileile: "Binti amehesabu mara mbili."